Kufunga GPS kwenye gari Mwanza: soko limehama kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye seva, na mnunuzi hajaambiwa

#1 FundiUmemeNyakato (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Nyakato.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Zamani kazi ilikuwa alternata, stata na taa. Siku hizi wanaokuja kwa wingi wanataka GPS: wenye daladala, wenye michomoko (magari madogo ya abiria kama Noah) ya Geita na Sengerema, wenye Fuso za samaki, wenye pikipiki za mkataba. Wengi wanaingia gereji na swali moja tu, "unafunga kwa bei gani?" Na wengi nawakuta baadaye wakiwa na kiboksi kilichonyamaza chini ya dashibodi, wakiamini kimeungua. Mara nyingi hakijaungua. Aliyewauzia ameacha kulipia seva, au laini iliyomo ndani imefungwa, au kampuni iliyokuwa inapokea taarifa haipo tena. Hilo ndilo linaloniuma hadi naandika, maana hela inayopotea hapo ni ya watu wanaoitafuta kwa jasho.

Nianze na kinachofanyika ndani ya kile kiboksi, kwa sababu ukikielewa hudanganyiki kirahisi. Setilaiti hailioni gari lako. Setilaiti za GPS za Marekani ziko juu kama kilomita 20,200, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kifaa kinasikiliza setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu ya mahali kilipo, basi. Ili wewe uone gari kwenye simu, lazima kifaa kiwe na laini inayotuma hesabu hiyo kupitia minara ya kawaida ya simu mpaka kwenye kompyuta fulani, yaani seva, ambayo ndiyo inakuchorea ramani. Vifaa vya sasa vinasikiliza pia GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, ndiyo maana hata kwenye miamba ya Mabatini au kati ya maghorofa ya mjini havipotezi njia ovyo kama vya zamani.

Kwa hiyo unanunua vitu vitatu: kifaa, laini na seva. Kifaa unakilipia mara moja. Laini na seva unazilipia muda wote gari liko barabarani, na huko ndiko biashara yote imehamia.

Tazameni wakubwa. Geotab ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina magari zaidi ya milioni 4 kwenye mfumo wake. Karooooo, kampuni mama ya Cartrack iliyoanzia Afrika Kusini, iliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2021 na mwaka 2024 ikavuka wanachama milioni 2 wanaolipia. MiX Telematics, nayo ya Afrika Kusini, mwaka huohuo iliungana na Powerfleet ya Marekani. Wote hawa wanaishi kwa ada ya kila mwezi, na kifaa kwao ni mlango wa kukuingizia kwenye mkataba. Ndiyo maana utasikia tangazo la "GPS bure". Soma mkataba wa miezi mingapi umefungwa nyuma ya hiyo bure.

Hatari ya mtindo huu iko wazi. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Automatic, wakiuza kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea hitilafu za gari, chini ya usukani. Kilikuwa kizuri na kilipendwa. Tarehe 28 Mei 2020 wakafunga huduma. Kidude hakikuharibika, lakini kuanzia siku ile hakikuwa na mtu wa kukisikiliza. Mtandao wa simu nao unaweza kukuacha vilevile: AT&T walizima 2G Januari 2017, wakazima 3G Februari 2022, na kila kifaa kilichotegemea mawimbi hayo kikanyamaza. Kwetu 2G bado inafanya kazi, na vijijini ndiyo inayotubeba. Ila ukinunua leo kifaa cha 2G peke yake kwa gari utakalokaa nalo miaka kumi, unacheza kamari. Chukua chenye 4G kinachoweza kurudi kwenye 2G ikibidi.

Sasa kuna jambo linalotufanya sisi tuwe soko la pekee kabisa. Huko kwa wenzetu magari mapya yanatoka kiwandani na modemu yake, na Ulaya tangu Machi 2018 aina mpya za magari lazima ziwe na mfumo wa kupiga simu ya dharura zenyewe. Kazi ya kufunga kifaa cha nje kwenye magari madogo huko inapungua. Hapa tunaendesha IST, Noah, Probox na Hiace zilizotumika Japani, na Tanzania inaruhusu hata yenye umri mkubwa ukilipa ushuru wa uchakavu, wakati Kenya wamekomea miaka minane. Baadhi ya magari haya yalikuja na mifumo ya kuunganishwa ya kwao. Toyota walianzisha G-BOOK mwaka 2002 na huduma ile ikafungwa mwaka 2022. Ukiona kwenye gari lako redio ya ramani inayoongea Kijapani na haijui Igoma iko wapi, hayo ndiyo mabaki. Kwa hiyo Kanda ya Ziwa kiboksi cha kufungwa na fundi kitaendelea kuwa ndiyo njia kwa miaka mingi, na anayekifunga ana dhamana kubwa kuliko anavyodhani.

Nani ananunua? Zamani ilikuwa mwenye gari anayeogopa kuibiwa. Huyo bado yupo, lakini kwa kazi zinazopita mikononi mwangu siyo yeye anayesukuma soko. Wanaosukuma ni watatu.

Wa kwanza ni serikali. Mabasi ya masafa marefu yanafungwa VTS, yaani mfumo wa kufuatilia magari, inayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilianza enzi za SUMATRA iliyoitangulia. Inapima mwendo dhidi ya kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na dereva anajitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Mabasi yaliporuhusiwa kutembea saa 24 mwaka 2023, mfumo huu ulikuwa kwenye masharti. Malori ya mizigo ya kwenda nje nayo yanafungwa mihuri ya kielektroniki ya TRA. Hapo hakuna cha kuchagua, unafunga kinachotakiwa.

Wa pili ni wakopeshaji wa pikipiki na bajaji. Bila GPS mikopo hii isingefika mitaani kwa wingi huu, maana kijana wa Buhongwa hana hati ya nyumba ya kuweka dhamana. Pikipiki yenyewe ndiyo dhamana, na GPS ndiyo kamba yake.

Wa tatu ni mfanyabiashara anayetaka kujua hela yake inavujia wapi, na hapa naomba nikae kidogo.

Mafuta kwanza. Watu wanadhani GPS inapima mafuta. Haipimi, mpaka uiunganishe na kitu kinachopima. Njia rahisi ni kuchukua usomaji wa geji ya gari, yaani lile boya ndani ya tenki. Kwa Mwanza yetu ya vilima boya linadanganya: ukipaki Fuso kwenye mteremko wa Bugando, mafuta yanaegemea upande mmoja na ramani inakuonyesha lita zimepungua, kesho zimerudi. Mwenye gari anamfukuza dereva kwa wizi ambao haukutokea. Njia ya uhakika ni kijiti cha kupimia kinachosimamishwa katikati ya tenki, halafu tenki linajazwa kidogo kidogo na kila kiwango kinaandikwa, ili mfumo ujue umbo la tenki lile. Fundi asiyefanya kazi hiyo ya kujaza na kuandika amekuuzia kijiti tu. Na hata kijiti kina mipaka. Injini ya dizeli inavuta mafuta mengi kuliko inayochoma, yanayobaki yanarudi tenkini kwa mpira wa marejeo. Mjanja anatoboa huo mpira, anachota polepole gari likitembea, na kwenye grafu inaonekana kama injini inakula sana. Huyo unamkamata kwa kulinganisha safari na safari ya njia ileile, mzigo uleule. Grafu ya siku moja haitakuonyesha kitu.

Samaki ndiyo eneo ninaloliona linakua vizuri. Minofu ya sangara ya barafu inatakiwa ikae kati ya nyuzi 0 na 4, iliyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Wenye viwanda vya hapa hawajasahau mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofungia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa inatumiwa kuvulia. Tangu hapo mnunuzi wa nje anataka ushahidi wa kila hatua. Kihisi cha joto kilichounganishwa na GPS kinatoa ushahidi huo chenyewe: saa fulani, gari likiwa Usagara, sanduku lilikuwa nyuzi kadhaa, mlango ulifunguliwa kwa dakika kadhaa. Mzigo ukikataliwa Dar, mwenye Fuso ana cha kuonyesha. Hiyo ni thamani ya kweli, na kwa maoni yangu inazidi ile ya kukimbizana na mwizi.

La mwisho, na naomba msilipite. Julai 2022 kampuni ya usalama wa mitandao ya BitSight ilitoa ripoti kuhusu kifaa cha Kichina, MiCODUS MV720, cha bei ya dola 20 hivi. Walikuta mianya sita. Nywila ya kiwandani ilikuwa 123456, na mtu aliye mbali angeweza kujifanya mwenye gari, akafuatilia safari zake na hata kukata mafuta. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinasema kina vifaa milioni 1.5, na BitSight wakakuta watumiaji katika nchi 169. Juni 2025 CISA, shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, likatoa tahadhari nyingine kuhusu SinoTrack: jina la kuingilia ni namba iliyobandikwa kwenye kifaa, na nywila ni moja kwa vyote mpaka uibadilishe. Vifaa vya namna hii vimejaa mjini. Halafu fundi anapiga picha kazi yake, namba inasomeka, anaiweka status. Jamani, tumemkabidhi mtu yeyote ufunguo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize anayekuuzia: seva ni ya nani na iko kwa nani? Laini imesajiliwa kwa jina la nani? Nikitaka kuhama, utanipa nywila ya kifaa na historia ya safari zangu? Akianza kujiuma, ondoka.

Karibuni wadau, maswali na kukosoa.

#2 MchomokoWaGeita

Mkuu umeandika mambo mazito. Mimi nina Noah mbili zinapiga Mwanza–Geita. Kabla ya daraja, dereva alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: "Bosi, nilikaa kivukoni." Akichelewa, kivuko. Hesabu, yaani hela anayoniletea kila siku, ikipungua, kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hilo jibu limekufa, unavuka hizo kilomita tatu kwa dakika chache. Nikadhani sasa GPS itanyoosha kila kitu. Safari zinaonekana, lakini hesabu bado ni ileile. Tatizo ni nini?

#3 FundiUmemeNyakato

Mkuu, GPS inahesabu safari na kilomita. Haihesabu abiria. Gari linaweza kwenda Geita limejaa au lina watu watatu, ramani ni moja. Kuna vihisi vya viti na kamera za ndani, lakini kwa Noah inayopakia na kushusha njiani gharama na usumbufu haviendani na faida.

Ninachokushauri ni hiki. Chukua rekodi zako tangu daraja lifunguliwe, angalia gari linapiga safari ngapi kwa siku na linasimama wapi kwa muda gani. Kabla ya daraja hesabu yako ilipangwa kwa kuzingatia foleni ya kivuko. Sasa muda umepungua, pengine safari moja imeongezeka. Kaa na dereva mkiwa na hizo takwimu mezani, mpange upya hesabu na mafuta. Dereva akiona takwimu zinamtetea pia, kwa mfano siku trafiki walipomkalisha Sengerema, mtaelewana haraka kuliko ukimpigia simu kila anaposimama kununua maji.

#4 SukaWaLori

Naomba niseme upande wetu. Mimi ni dereva. Sina shida na bosi kujua lori liko wapi, mali ni yake. Shida yangu ni bosi kunipigia saa tano usiku kuniuliza kwa nini gari limepaki nyumba fulani wakati nimeshamaliza kazi na amenipa ruhusa kulala na gari. Tena kuna mwenzangu alifungiwa kifaa chenye kipaza sauti, wanasikiliza maongezi ya ndani ya kebini, hakuambiwa. Hiyo ni haki?

#5 FundiUmemeNyakato

Kaka, si haki, na sheria ipo upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Msingi wake ni kwamba anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Mahali dereva alipo ni taarifa zake binafsi, hata kama gari ni la mwingine.

Vifaa vyenye kipaza sauti vipo kweli. Unapiga ile laini, kinajipokea kimyakimya, unasikia kila kitu. Mimi hicho sikiunganishi, mteja akitaka aende kwingine. Na kila ninapofunga kwenye gari la biashara namwambia mwenye gari amwite dereva aone kinapofungwa. Wengine hawapendi, wanasema dereva atakichomoa. Dereva mwenye nia ya kukichomoa atakitafuta hata usipomwambia, na mfumo utakutumia ujumbe umeme ukikatwa. Aliyeambiwa wazi anajua kimefungwa kwa ajili ya nini.

Naongeza kwa wenye magari: Toyota wenyewe, kwa ukubwa wao, mwaka 2023 walitangaza kwamba taarifa za wateja kama milioni 2.15 wa Japani zilikuwa wazi mtandaoni kwa karibu miaka kumi kwa sababu ya mpangilio mbaya wa seva. Zilikuwemo taarifa za mahali magari yalipokuwa. Kama wao imewatokea, muulize huyo wa mtaani kwako anazitunza vipi.

#6 BodaBuzuruga

Wakuu mimi niko kwenye mkataba wa pikipiki. Nikichelewa rejesho siku moja inazimwa. Juzi imezimwa niko na abiria mjamzito tunaelekea hospitali ya Sekou Toure. Kuna fundi ananiambia atanichomolea GPS kwa hela ndogo. Nifanye?

#7 FundiUmemeNyakato

Mdogo wangu, pole sana. Nimeumia kusoma hili.

Usichomoe. Mikataba karibu yote ya aina hiyo inahesabu kuchomoa kifaa kama kutorosha mali, na wataichukua pikipiki ukiwa umeshalipa sehemu kubwa. Fanya hivi: chukua mkataba wako, tafuta wameandika nini kuhusu kuzima. Kama wameandika kwamba watakupa taarifa kwanza, dai hilo kwa maandishi, hata meseji inatosha, na itunze. Uliza pia, na uandikiwe: ukimaliza deni kifaa kinaondolewa lini, na nani anafuta taarifa zako? Nimeona pikipiki zilizokwisha kulipiwa zikiendelea kuonekana kwenye ramani ya mkopeshaji.

Kuhusu kuzima kwenyewe nataka wenye kampuni ndogo za mikopo wasome. Chombo hakitakiwi kuzimwa kikiwa kwenye mwendo, kwa hali yoyote ile. Gari likizimika ghafla usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada baada ya kukanyaga mara chache, na pikipiki ikizimika katikati ya barabara ya Nyerere lori liko nyuma yake. Vifaa vilivyotengenezwa kwa kufikiri vinalijua hili: Concox GT06N, kwa mfano, ukikiamuru kikate kinasubiri mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa. Vya bei ya chini kabisa vinakata palepale. Salama zaidi ni kuzuia kuwaka tena baada ya chombo kuzimwa na mwenyewe. Waya ni zilezile, kinachobadilika ni mahali fundi anapoweka rilei, ile swichi ya umeme inayokata.

#8 MvuviUkerewe

Mwangaluka wakuu. Huku Ukerewe tunaibiwa mashine za boti, wanakuja usiku ziwani kabisa wanakunyang'anya. Hiyo GPS ya gari inaweza kukaa kwenye boti?

#9 FundiUmemeNyakato

Mwangaluka mkuu. Inaweza, kwa masharti.

Ziwani setilaiti hazina shida, anga ni wazi kuliko mjini. Shida ni mnara. Ukishaacha kisiwa nyuma, laini inapotea. Kifaa kizuri hakipotezi safari: kinahifadhi kila alama kwenye kumbukumbu yake, kikipata mtandao kinazimwaga zote kwa mpigo, utaona boti ilipita wapi hata kama hukuiona wakati ule. Kwa wizi unaotokea katikati ya maji hiyo haikuokoi saa ileile, nisikudanganye. Inakusaidia kujua walipoipeleka wakishakaribia nchi kavu. Na kama walipoipeleka ni upande wa Kenya au Uganda, laini iwe imeruhusiwa kutumia mitandao ya nje, vinginevyo itanyamaza. Wenye malori ya Sirari na Mutukula hili wanalijua vizuri.

Halafu umeme na maji. Mashine nyingi za boti za mkono hazina betri ya kutegemea, kwa hiyo unataka kifaa chenye betri yake kubwa kinacholala na kuamka mara chache kwa siku, kilichozibwa dhidi ya maji kweli. Kifiche kwenye mbao za boti na kingine kwenye mashine yenyewe, maana wanachokuja kuchukua ni mashine.

#10 DadaIlemela

Kaka asante kwa elimu. Mimi nina IST ya kutembelea tu. Mdogo wangu wa Dar kaniambia niweke AirTag, kile kidude kidogo cha Apple cha kutafutia vitu, haina ada ya mwezi. Inatosha?

#11 FundiUmemeNyakato

Dada, AirTag haina GPS wala laini ndani. Inaonekana tu ikipitiwa karibu na iPhone ya mtu yeyote, ile iPhone ndiyo inatuma taarifa. Dar kwenye simu hizo nyingi inaweza kusaidia. Gari likichukuliwa likaelekea Magu vijijini au Kwimba, unaweza kukaa muda mrefu sana bila kuona kitu. Tena imetengenezwa kumtahadharisha mtu anayetembea nayo isiyo yake, kwa hiyo mwizi mwenye simu ya kisasa anaambiwa. Iweke kwenye begi. Kwa gari weka kifaa chenye laini, na kwa gari la kutembelea huhitaji kitume kila sekunde kumi. Kila dakika moja inatosha kabisa na bando linakuwa dogo.

#12 MtuWaKompyuta

Mimi nakupinga kidogo. Kwa nini watu walipie seva kabisa? Kuna Traccar, programu huria, inaelewa vifaa vya aina nyingi sana, na unaiweka kwenye seva yako ya kukodi. Mwenye magari matano anaweza kujitegemea. Hizi ada za mwezi ni kuwanyonya watu.

#13 FundiUmemeNyakato

Mkuu, Traccar naikubali na ninaitumia. Kwa mtu kama wewe ni jibu sahihi. Swali langu ni nani ataamka usiku seva ikisimama, nani atafanya nakala ya akiba, nani ataziba mianya ikitoka. Mwenye daladala wa Kisesa hawezi, na akimwachia kijana mmoja anayejua, kijana akienda chuo Dodoma tumerudi palepale.

Ninachokiona kinafaa ni watu wa njia moja, mfano wenye michomoko wa kituo kimoja au chama cha daladala, wachange walipie seva moja na mtu mmoja wa kuitunza kwa mkataba, na nywila kuu ikae kwa uongozi wa chama. Bando lenyewe ni dogo: kifaa kikituma kila nusu dakika mchana na usiku ni kama megabaiti 13 kwa mwezi, weka 30 kwa usalama. Gharama kubwa ni mtu, na mtu mkichangia wengi anapungua bei. Ada kwangu si unyonyaji kama unajua unacholipia na unaweza kuondoka ukitaka.

#14 MamaSangara

Kaka Fundi, mimi nina Fuso mbili, moja ya samaki wabichi, moja ya dagaa. Kampuni niliyofungia wanagoma kunipa historia nikihama, wanasema ni mali yao. Na lile la dagaa nataka kijiti cha mafuta ulichosema. Nianzie wapi?

#15 FundiUmemeNyakato

Dada yangu, hilo la historia waandikie barua, utaje Sheria ya 2022 kwa zile sehemu zinazohusu madereva wako, na kwa zinazohusu gari taja mkataba wenu. Wakati mnabishana, ingia kwenye akaunti yako leo, toa ripoti za kila mwezi, zihifadhi kwenye flashi na kwenye barua pepe. Mifumo mingi inaruhusu kutoa ripoti hata pale kampuni isipotaka kukupa. Zile za joto la samaki ndizo uanze nazo, hizo ndizo zitakazokutetea.

Kuhama kwenyewe ni rahisi kuliko wanavyokutisha. Kifaa kinaelekezwa seva mpya kwa ujumbe mfupi mmoja wenye nywila yake na anwani mpya. Kwa hiyo kitu cha kudai kwanza ni nywila. Wakikataa kabisa tutakiweka upya kama kinaruhusu, na kama hakiruhusu tutanunua kingine. Utapoteza bei ya kiboksi lakini taarifa zitakuwa zako kuanzia siku hiyo. Laini mpya isajiliwe kwa jina la biashara yako, usikubali ya fundi, hata ya kwangu.

Kuhusu kijiti, leta Fuso la dagaa siku halina safari, tenki likiwa karibu tupu, na dereva aje. Njoo na dizeli kwenye madumu ya lita 20 iliyopimwa kwenye pampu yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Gereji ina sakafu tambarare. Tutamimina dumu moja moja, kila likiisha dereva anasoma namba na wewe unaandika, mpaka tenki lijae.